Ombi Lisipojibiwa: Mwongozo wa Kuishika Imani Katika Mateso na Mashaka

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mkristo ambaye ameomba, amefunga, amekesha na kuombewa na watumishi, na jambo aliloliomba halikutokea: mgonjwa amefariki, mimba haikushika, mtoto aliyeondoka nyumbani hajapiga hata simu. Haukusudii kueleza kwa nini Mungu ameruhusu mateso. Swali hilo limeandikiwa kwa karne nyingi, na mtu aliyezika juzi hana nguvu za kuyasoma yaliyoandikwa. Kinachoshughulikiwa hapa ni jambo la kufanya, na utaratibu wa kulifanya, wakati jibu halijaja au limekuja kinyume cha matarajio. Msimamo wa mwandishi ni vema usemwe mapema: Mkristo anayemlalamikia Mungu waziwazi yuko karibu zaidi na Biblia kuliko yule anayemeza uchungu wake na kuitikia "Amina" kwa kila neno analoambiwa msibani.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano unaofaa watu wengi, lakini mtu anaweza kuanza na ile inayomgusa zaidi.

Hatua ya kwanza: utunze mwili kabla ya kuichunguza imani

Nabii Elia alipokimbia hasira ya Yezebeli aliketi chini ya mretemu nyikani, akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea wala hakumpa somo la imani. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, Elia akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale. Mazungumzo kuhusu wito wake yalikuja baadaye, alipofika Horebu. Utaratibu huo una busara ambayo makanisa yetu huisahau, kwa kuwa mara nyingi mtu aliyechoka kuuguza huongezewa mkesha mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama bado unaamini, jiulize umelala saa ngapi usiku wa jana na umekula nini tangu asubuhi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi usingizi umekata au umezidi, chakula hakipiti, huna hamu ya jambo lolote na unajiona huna thamani, huenda ni sonona, ugonjwa unaotibika, na unapaswa kwenda hospitali kama ungekwenda kwa malaria. Ukipata mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo, usikae peke yako, na mwende pamoja kituo cha afya kilicho karibu. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, hakuambiwa aache utabibu ili aonyeshe imani, na Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kisukari, za shinikizo la damu na za kifafa zisiachwe kwa sababu ya neno la unabii. Anayeamini kwamba ameponywa na arudi kwa daktari apimwe, kwa maana hata wenye ukoma aliowaponya Yesu walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani.

Kufunga nako kuna mipaka. Mfungo wa Kikristo una mwanzo na mwisho unaojulikana, na mjamzito, mwenye kisukari na anayetumia dawa za kila siku hawatakiwi kuingia bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Pale Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa watu walioambiwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Hakuna jibu la maombi linalonunuliwa kwa njaa.

Hatua ya pili: kagua ni nani aliyetoa ahadi

Chukua daftari. Upande wa kushoto wa ukurasa andika kila ahadi unayoona kwamba Mungu hakuitimiza, na upande wa kulia andika ulikoipata: kifungu cha Biblia, mahubiri, unabii uliotamkwa kwenye semina, ndoto, au maneno ya jamaa. Zoezi hili laweza kuonekana la kikarani mno kwa mtu mwenye majonzi, lakini wengi hugundua kwamba kilichoanguka ni maneno ya mtu aliyesema "mwaka huu hautaisha kabla hujapakata mtoto," wala si neno ambalo Mungu alilisema popote. Imani katika Kristo na imani katika tamko la mhubiri huota pamoja kama ngano na magugu, na msiba hulazimisha zitenganishwe.

Yapo, hata hivyo, maneno ambayo hayawezi kusogezwa kando kwa urahisi huo, na uaminifu unatutaka tuyaache yasimame. Yesu mwenyewe alisema, "Ombeni, nanyi mtapewa," na tena, "Mkiniomba neno lo lote kwa jina langu, nitalifanya." Wapo wanaoyalainisha maneno haya mpaka hayasemi kitu. Ni afadhali kuyasoma pamoja na Gethsemane, ambako msemaji yuleyule aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Huwezi kusema kwamba alikosa imani, wala kwamba hakujua kuomba, wala kwamba alikuwa na dhambi iliyofichika. Ombi la Mwana lilikataliwa. Mkristo ambaye ombi lake halikujibiwa anasimama mahali ambapo Bwana wake alisimama kabla yake, na hilo halijibu swali la "kwa nini", ila linaondoa shutuma kwamba mahali hapo ni pa waliotupwa.

Hatua ya tatu: andika malalamiko yako na uyapeleke kwa Mungu

Hii ndiyo hatua ambayo mwandishi anaiona kuwa kiini cha mwongozo wote. Karibu theluthi ya zaburi zote 150 ni za maombolezo, lakini katika ibada zetu nyingi huimbwa zile za sifa peke yake. Misibani tunanukuu Ayubu 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA libarikiwe," na ni neno zuri, ila tunafunga Biblia kabla hatujafika sura ya 3, ambako Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Tena tunasahau hitimisho la kitabu: Mungu aliwakasirikia marafiki waliomtetea kwa hoja nzuri, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena Ayubu, mlalamikaji.

Soma kwanza Zaburi ya 13, ambayo ina aya sita tu. Katika aya mbili za mwanzo maneno "hata lini" yanarudi mara nne. Aya ya tatu na ya nne zina ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Aya mbili za mwisho zinageukia tumaini. Hapo pana mpangilio wa sehemu nne ambao waweza kuutumia: kumwita Mungu kwa jina, kumweleza lililokupata bila kulipamba, kumwomba jambo lililo wazi, na kutaja sababu ya kuendelea kumwendea. Kisha andika lako. Mama anayemuuguza mtoto mwenye selimundu angeweza kuandika hivi:

"Ee Mungu, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Mwanangu amelazwa tena, mara ya nne mwaka huu. Usiku analia kwamba mifupa inamuuma, nami nimekaa kwenye stuli pembeni ya kitanda sina la kufanya. Mwezi wa tatu tulikesha tukikuomba usiku kucha, na asubuhi yake maumivu yakaanza upya. Utanyamaza hata lini? Shemeji ananiuliza kama bado naenda kanisani, nami namjibu ndiyo huku nikiona aibu, na aibu hiyo ni kwa ajili yako. Leo damu ipatikane. Leo apate usingizi. Umponye kabisa, hilo bado naliomba. Sijui kama unanisikia. Lakini Yesu ulimfufua, na mama yangu alikuita wewe hadi mwisho wake, wala sina mwingine wa kumwendea."

Angalia kwamba malalamiko haya yana mambo mahususi: idadi ya kulazwa, stuli, shemeji. Maneno ya jumla kama "Bwana, unajua mapito yangu" humwacha mwombaji alipokuwa. Angalia pia kwamba kuna ombi dogo la leo kando ya ombi kubwa, kwa sababu anayeomba jambo kubwa peke yake kwa miaka hupoteza uwezo wa kutambua hata lile dogo lililotendeka. Na kifungu cha mwisho hakidai furaha ambayo haipo.

Ikiwa huwezi kuandika kifungu cha mwisho, kiache. Zaburi ya 88 haina mgeuko wa tumaini. Inaishia gizani, na Kanisa halikuiondoa. Katika Sala ya Kanisa ya Wakatoliki ndiyo zaburi ya sala ya kabla ya kulala kila Ijumaa, kwa hiyo kila juma wapo watu wanaomaliza siku yao kwa maneno hayo. Yeremia alimwambia Mungu, "umenihadaa, nami nimehadaika," na hakuacha kuwa nabii. Kwa upande wa mipaka, unaopaswa kuuchunga ni mmoja: malalamiko yaelekezwe kwa Mungu mwenyewe. Kumnung'unikia pembeni, mbele ya watu, huku maombi yamekoma, ndiko kunakoua uhusiano polepole.

Yasome uliyoyaandika kwa sauti, ukiwa peke yako, mara moja kwa siku kwa juma zima, ukiongeza au kufuta kadiri mambo yanavyobadilika.

Hatua ya nne: ikatae hukumu isiyo yako

Mateso huja na mahakimu. Mmoja atasema imani yako ni haba, mwingine atasema kuna dhambi hujaitubu, na wa tatu atafufua habari za laana ya ukoo na madhabahu za babu ambaye hukuwahi kumwona. Kila shutuma ipimwe kwa Maandiko. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, Yesu alijibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha aliponywa bila hata kumjua aliyemponya. Naye Paulo, ambaye Mungu alitenda miujiza kwa mikono yake, anaandika bila kujitetea kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa.

Ikiwa kuna dhambi unayoijua kweli, itubu kwa sababu ni dhambi, kisha endelea. Usiichimbe ile usiyoijua ili upate maelezo ya msiba.

Hatua ya tano: usilipie jibu

Naamani alipotakaswa ukoma alimletea Elisha fedha, dhahabu na mavazi, na Elisha akakataa kupokea chochote. Gehazi mtumishi wake alipokimbia nyuma ya gari kuzidai, ukoma wa Naamani ulimshika yeye. Sadaka ni ibada na ina mahali pake, lakini "mbegu" inayotajiwa kiasi mbele ya mgonjwa, maji na mafuta yanayouzwa kwa chupa, na sadaka ya kujimaliza inayochukua ada ya watoto ni biashara inayofanywa juu ya hofu. Hofu hiyo huua kwa njia nyingine pia: jioni ya Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Hatua ya sita: chagua watu wawili

Tomaso hakuwepo Yesu alipowatokea wanafunzi mara ya kwanza, na alisema wazi kwamba asipoona alama za misumari hataamini. Baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, "na Tomaso pamoja nao." Juma zima mtu asiyeamini alikaa na walioamini, hawakumfukuza wala hakuondoka. Mashaka yanayokaa ndani ya ushirika yana hatima tofauti na yale yanayopelekwa upwekeni.

Jumuiya nzima haiwezi kulibeba jambo lako lote, na si kila mwanajumuiya anajua kutunza siri. Chagua wawili: mmoja aliyekwisha kupita katika mateso akabaki muumini bila kuwa mgumu wa moyo, na mwingine mwenye dhamana ya kichungaji, awe padre, mchungaji, katekista, mwinjilisti au mzee wa kanisa. Waambie unachohitaji kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Sihitaji maelezo kwa sasa. Nahitaji uniombee mambo ambayo mimi nimeshindwa kuyaomba, na uniulize hali yangu kila Jumapili." Mtu aliyepooza alishushwa na marafiki kupitia dari, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya waliombeba. Kuamini kwa niaba ya mwenzako ni huduma halisi.

Kwa wengine wote, andaa jibu fupi. Watakuambia "kazi ya Mungu haina makosa," au "mlimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Wengi husema hivyo kwa upendo na kwa kukosa la kusema, kwa hiyo "asante, tuombeane" inatosha. Na ukiwa wewe ndiye unayekwenda kumfariji mwingine, kumbuka kwamba marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizoketi naye chini bila kunena neno. Makosa yalianza walipofungua vinywa.

Hatua ya saba: yatenganishe mashaka yako

Mashaka huja katika sura tofauti, na kila sura ina tiba yake. Yapo ya hoja, kama vile kama Mungu yupo, kama Kristo alifufuka, kama Biblia inaaminika. Haya yanahitaji kusoma na kuuliza wenye elimu, na mtu hapaswi kunyamazishwa kwa kuambiwa kwamba kuuliza ni dhambi. Yapo ya jeraha, ambapo mtu hana shida kukubali kwamba Mungu yupo, ila haamini tena kwamba Mungu huyo anamtakia mema. Haya hayaponywi kwa vitabu, na hatua ya tatu na ya sita ndizo zinazoyahusu. Tena yapo ya uchovu, ambayo hupungua mtu akilala.

Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma wanafunzi kumuuliza Yesu, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Aliyeuliza ni yule aliyembatiza. Yesu hakumtoa gerezani. Alimrudishia taarifa ya yanayotendeka, vipofu wanaona na maskini wanahubiriwa habari njema, na wale wajumbe walipokwisha kuondoka ndipo alipoueleza umati kwamba katika wazaliwa wa wanawake hakuna aliye mkuu kuliko Yohana. Yohana hakuwapo kuyasikia, na baadaye akakatwa kichwa. Simulizi hii haina faraja rahisi, lakini yasema waziwazi kwamba shaka ya mtu anayeteseka haikumpunguzia heshima machoni pa Kristo.

Wakati wa ukavu, punguza maneno, usikatishe ratiba. Sala ya Bwana asubuhi na zaburi moja usiku, vikisomwa kwa sauti hata moyo ukiwa mzito, vinatosha kwa miezi. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na barua zake zilizochapishwa miaka kumi baadaye zilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Baba wa kijana mwenye pepo alipolia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," ombi lake lilikubaliwa lilivyo, pamoja na nusu yake ya pili.

Hatua ya nane: amua kuendelea kuomba, kupumzika au kubadilisha ombi

Hapa ndipo ushauri hutofautiana, na kila upande una Maandiko yake. Mjane wa Luka 18 alimchosha kadhi mpaka akapewa haki yake. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akaambiwa "Neema yangu yakutosha," akaacha. Daudi alifunga siku saba wakati mtoto wake anaumwa, na aliposikia amekufa aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana kusujudu, kisha akala, hata watumishi wake wakashangaa.

Kanuni inayopatikana katika mifano hii ni kwamba hali yenyewe ndiyo inayoelekeza. Jambo likiwa bado wazi, kama mtoto aliyepotea, ndoa inayoyumba au ugonjwa wenye tiba inayoendelea, endelea, lakini jipe ruhusa ya majuma ambayo wale wawili wa hatua ya sita wataliomba badala yako. Jambo likiwa limefungwa, kama kifo au tumbo la uzazi lililoondolewa, ombi libadilike: usiombe tena kwa namna inayokanusha lililotokea, omba nguvu ya kuishi nalo, na yapewe machozi muda wake. Waliopoteza mtoto na kuambiwa siku ya arobaini kwamba sasa inatosha wameonewa.

Mara nyingine jibu hutofautiana na ombi kwa namna inayoonekana baadaye tu. Monika, mama Mwafrika kutoka Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimsihi Mungu mwanawe Augustino asivuke bahari kwenda Italia. Mwana alimdanganya mama, akapanda meli usiku. Ilikuwa ni huko Italia, mjini Milano, alikobatizwa mwaka 387, na yeye mwenyewe aliandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichoomba siku zote, yaani mwanawe aokoke. Hata hivyo habari ya Monika isitumiwe kama ahadi kwa kila mama. Waebrania 11 inawataja waliozima nguvu za moto, na katika orodha ileile inawataja waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno, wote wakishuhudiwa kwa imani yao, na hao wote hawakuipokea ahadi.

Hatua ya tisa: panga upya nafasi yako kanisani bila kuondoka

Anayefundisha shule ya Jumapili, anayeongoza kwaya au anayehubiri, na kwa sasa hawezi kusema kwa kinywa chake mambo asiyoyaamini moyoni, asijilazimishe kuigiza. Mweleze kiongozi wako kwa faragha kwamba unaomba kupumzika huduma kwa kipindi kinachotajwa, kwa mfano hadi Kwaresima au hadi Majilio, na utaje kwamba utaendelea kuhudhuria ibada. Keti katikati ya watu, si mlangoni. Wimbo usioweza kuuimba, usikilize wengine wakiuimba. Ukiulizwa kwa nini huonekani mbele, jibu kwamba uko likizo ya huduma. Hulazimiki kumweleza kila mtu.

Viongozi nao wana wajibu hapa. Kipindi cha ushuhuda kinachowapa nafasi waliopata kazi, visa na watoto peke yao huwafundisha waliobaki kwamba hawana la kusema. Mpeni nafasi, kwa ridhaa yake, mtu ambaye bado anangoja, aseme kwamba hajajibiwa na kwamba amekuja ibadani, kisha kusanyiko limsomee Zaburi ya 13 yote, tangu aya ya kwanza.